Filimbi ya Usiku

Baba alikuwa askari wa usiku katika mtaa mmoja wa South B kwa miaka 11. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa rungu, tochi, koti zito lililotoboka mfuko mmoja, na filimbi ya chuma aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikiwa mdogo nilidhani filimbi ile ni ya kumtisha mwizi. Siku moja nikamwuliza kwa nini mwizi aogope kelele tu. Akacheka. "Filimbi haimfukuzi mwizi," akasema. "Filimbi inaita watu."

Alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Filimbi ikabaki kwenye msumari nyuma ya mlango wetu hapa Umoja. Naanza na yeye kwa sababu nilipohitaji kuelewa kilichokuwa kikiendelea ndani ya damu ya Mama, hakuna mhadhara ulionisaidia kama maneno yake yale.

Wacha niseme ukweli kuhusu chuo kwanza. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha, huwa nasema karo. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisomea biokemia, na nilianguka somo la kinga ya mwili. Nikarudia mtihani, nikaanguka tena. Swali moja lilitaka tueleze kazi ya nyutrofili na saitokini mwili unapovamiwa na viini. Nilijaza kurasa mbili za majina niliyokariri, intalukini 1, intalukini 6, intalukini 8, bila kujua nani anamwambia nani nini. Muhula uliofuata Mama aligunduliwa na saratani ya titi, nami nikapata sababu ya heshima ya kutorudi. Hakuna anayemhoji kijana aliyeacha masomo ili amwuguze mamake.

Tangu hapo naandika kwa malipo ya kila ukurasa. Kazi nyingine ni makala ya kampuni za nje kuhusu magodoro na bima ya mbwa. Nyingine, na sijivunii, ni insha za wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo ambao hawana muda au nia ya kuziandika wenyewe. Wengi wanasomea uuguzi. Mwaka uleule Mama alipoanza kemo, niliandika kurasa nane kuhusu jinsi ya kumhudumia mgonjwa ambaye seli zake nyeupe za damu zimepungua. Mteja akanitumia ujumbe: amepata A. Kwa hivyo mahali fulani duniani kuna muuguzi ambaye, kwenye karatasi, anajua kila kitu nilichoshindwa kufanya usiku nitakaousimulia.

Nyutrofili ni askari wa zamu. Kwa mtu mzima, mara nyingi ndizo zaidi ya nusu ya seli nyeupe zote kwenye damu. Jina lilitokana na kazi ya Mjerumani Paul Ehrlich, aliyekuwa akipaka seli rangi ili azione vizuri kwa hadubini. Hizi hazikupenda sana rangi ya asidi wala ya alkali, zikakubali ile ya katikati. Mwenzake Elie Metchnikoff, Mrusi aliyekuwa Messina, Sicily, mwaka 1882, alichoma lava za kiti cha pwezi kwa miiba midogo, na asubuhi yake akakuta seli zimejikusanya kuuzunguka mwiba. Hakuna aliyezituma. Ziliitwa na jeraha. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1908.

Zinaitwa na nini? Hapo ndipo filimbi inapoingia. Ndani ya nyama ya mwili kuna seli zinazokaa papo hapo kama majirani. Bakteria wakipenya, majirani hao hutoa saitokini, protini ndogo ambazo kazi yake ni kupeleka habari. Saitokini nyingine huambia kuta za mishipa ya damu zinate, ili nyutrofili zinazopita kasi zipunguze mwendo, zijiviringishe ukutani, kisha zijipenyeze nje. Intalukini 8 huzionyesha njia: zinafuata pale harufu inapozidi. Zikifika, zinameza bakteria na kuwamwagia kemikali kali. Nyingine hufanya jambo ambalo lilielezwa mwaka 2004 tu: zinatoa DNA zao wenyewe na kuitandaza kama wavu, adui anaswe humo. Nyingi hufia hapohapo. Ukishawahi kukamua jipu, ule usaha kwa kiasi kikubwa ni maiti zao.

Na kuna saitokini ambazo filimbi yao husikika mbali zaidi. Intalukini 1, intalukini 6 na TNF hupeleka habari hadi kwenye ubongo, na ubongo unapandisha joto la mwili. Hiyo ndiyo homa. Homa si ugonjwa wenyewe. Ni habari kwamba kuna mahali watu wanahitajika.

Haya yote ninayajua sasa. Wakati ule nilikuwa na majina tu.

Kemo ya Mama ilikuwa kila baada ya siku 21. Dawa moja ilikuwa nyekundu kama sharubati, na wagonjwa wenzake kwenye benchi waliiita "ile nyekundu", kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja chifu mkali. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika haraka. Saratani inagawanyika haraka, lakini pia mizizi ya nywele, na pia uboho wa mifupa, ambao hutengeneza nyutrofili takriban bilioni 100 kwa siku. Ni lazima utengeneze nyingi hivyo kwa sababu haziishi: saa chache, siku chache, basi. Kiwanda kikisimama, akiba huisha upesi. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu ndipo hesabu hufika chini kabisa.

Kabla ya kemo ya pili, karatasi ya maabara ilisema nyutrofili 1.3. Kando yake, kwa maandishi madogo, kulikuwa na kipimo cha kawaida: 2.0 hadi 7.5. Hizo ni bilioni kwa kila lita ya damu. Kliniki ilitaka angalau 1.5 kabla ya kumpa mtu dawa. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Wiki ijayo, 1.3 tena. Tukarudi nyumbani na matatu mbili, nauli imeliwa bure, na Mama akiangalia nje dirishani. Tulipofika Donholm akaniuliza, "Kwani hawa askari wangu wamegoma?"

Wiki ya tatu tulimpata daktari mwingine, kijana, mwenye kalamu tatu mfukoni na macho ya mtu asiyelala. Aliitazama karatasi, akamtazama Mama, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mama, una matokeo yoyote ya damu ya zamani, kabla ya ugonjwa huu?"

Hakumjua aliyekuwa akimwuliza. Mama huweka karatasi zote. Ana mfuko wa plastiki chini ya godoro wenye risiti, vyeti vya chanjo zangu, na barua za mazishi ya Baba. Humo mlikuwa na vipimo vya miaka mitatu nyuma, alipokuwa akiandaliwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Nyutrofili: 1.4. Wakati huo alikuwa mzima, akiamka saa kumi usiku kwenda kuchukua sukuma wiki na nyanya za kuuza.

Daktari akatuchorea kwenye mgongo wa karatasi. Juu ya chembe nyekundu za damu, akasema, kunaweza kuwa na kipokezi kinachoitwa Duffy, jina la mgonjwa wa hemofilia huko London ambaye damu yake ndiyo iliyokifichua mwaka 1950. Kipokezi hicho hunasa saitokini kadhaa, intalukini 8 ikiwa mojawapo. Lakini pia ndicho mlango ambao vimelea vya maleria aina ya vivax hupenda kuingilia. Vizazi vingi nyuma, katika Afrika, mabadiliko madogo ya jeni yaliufunga mlango huo, na leo watu wengi sana kusini mwa Sahara hawana Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Badiliko hilohilo linawapa nyutrofili chache kwenye damu inayochotwa mkononi, na hawaugui zaidi ya wengine. Inavyoelekea askari wapo, ila hawazurura sana barabarani.

"Na hii 2.0 hadi 7.5?" nikauliza.

"Vipimo vingi vya namna hii vilitolewa kwa watu wenye asili ya Ulaya," akasema. "Tukavichapisha hapa vilevile."

Mama, ambaye alizaliwa Busia na akaugua maleria mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, alisikiliza yote hayo mikono ikiwa mapajani. Kisha akasema, "Kwa hivyo sikuwa na upungufu. Nilikuwa nalinganishwa na watu wengine."

Alipewa dawa siku hiyohiyo.

Ningependa kusema nilitoka pale nikiwa na hekima. Nilitoka na kichwa kikubwa. Mimi, mtu aliyeanguka somo hili mara mbili, nilikuwa nimeona kipimo kilichochapishwa kikikosea. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nafikiria mitihani yangu, na jinsi na mimi labda nilipimwa kwa kipimo cha watu wengine. Ilikuwa fikra tamu. Kwa sababu yake nilisikia nusu tu ya maneno ya mwisho ya daktari: "1.3 ya Mama ni yake. Lakini baada ya dripu hii, ikishuka chini ya 0.5, hiyo si kawaida ya mtu yeyote. Akipata joto la 38 na lisishuke kwa saa moja, au 38.3 hata mara moja tu, msingoje asubuhi. Njooni mseme: kemo, siku ya ngapi, homa."

Tulinunua kipimajoto njiani.

Usiku wa siku ya 10 nilikuwa naandika kuhusu magodoro. Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama upande wa kitanda, mimi upande wa jiko na meza. Saa moja jioni nilimwuliza kama nimpime. Akasema amejipima, yuko sawa. Saa tano nikasikia akifungua maji. Saa nane usiku nikasikia kitanda.

Ni sauti ndogo ya chuma kugonga ukuta, tik tik tik, kama mtu anayebisha kwa adabu. Nilidhani ni jirani. Nilipofungua pazia, Mama alikuwa anatetemeka kiasi kwamba kitanda kilikuwa kinatembea. Amejifunika leso mbili na blanketi na koti la Baba.

"Ni baridi tu," akasema. "Rudi kwa kazi yako."

Nikamweka kipimajoto kwapani. 39.1. Chini ya mto nikapata pakiti ya Panadol. Vidonge vinne havikuwepo.

"Mama, tangu saa ngapi?"

Hakujibu mara moja. Alikuwa anauma meno yasigongane. "Jioni. Nilijua nikikuambia utasema twende. Taxi usiku ni pesa. Na wewe uko na kazi ya watu."

Kwetu homa ni kitu cha nyumbani. Ukikua Busia, homa ni maleria, na maleria ni Panadol kwanza, kisha dawa, kisha unaenda shambani. Panadol ilifanya kazi yake vizuri: ilizuia ubongo kupandisha joto. Haikumgusa bakteria hata mmoja. Saitokini zilikuwa zimepiga filimbi tangu jioni, kwa nguvu zote, na kwa saa saba Mama alikuwa ameifunika kwa kiganja ili mimi nimalize kurasa nne za magodoro.

Baba Njeri wa duka la chini ana Probox. Nilimgongea mlango akatoka na shuka. Hakuuliza pesa. Barabarani Mama alikuwa ameacha kutetemeka, na nilifurahi, nikidhani anapata nafuu. Tulipofika kumbe shinikizo la damu lilikuwa limeanza kushuka. Saitokini zikizidi na kuenea mwili mzima, mishipa hulegea na kuvuja, na damu inakosa msukumo. Wito ukikosa wa kuuitika hauishi. Unaendelea, mpaka unakuwa hatari wenyewe.

Pale mapokezi kulikuwa na foleni. Kijana aliyekatwa na chupa, mtoto wa kikohozi, mzee wa tumbo. Nikasema maneno yale kama mtu anayekariri shairi la shule: "Sista, kemo, siku ya 10, homa." Akaacha kuandika. Akaita kitanda. Antibayotiki iliingia mshipani kabla majibu ya damu hayajatoka, kwa sababu kwa mgonjwa wa namna hii lengo ni saa moja, si asubuhi.

Hesabu ilipotoka: 0.2.

Alfajiri daktari wa zamu alimkagua toka utosini hadi vidoleni. Koo safi. Mapafu kwenye eksirei safi. Mahali pa sindano hapajavimba, hapana wekundu, hapana usaha. Nikamwuliza, kwa tumaini la kijinga, kama hiyo haimaanishi kwamba hana ambukizo lolote.

"Usaha ni nyutrofili zilizokufa," akasema. "Mamako hana za kufa."

Nilienda nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo. Siyo maneno hayo hasa, lakini ukurasa wa tatu wa ile insha, kwamba kwa mgonjwa mwenye nyutrofili chache sana dalili za kawaida hukosekana, na homa huenda ikawa ishara ya pekee. Niliiandika, nikaihariri, nikalipwa. Haikuwahi kunijia kwamba mgonjwa anaweza kuwa mtu mwenye sababu za kuificha hiyo ishara ya pekee. Kwamba anaweza kuwa ameketi nyuma ya pazia, akikusikiliza ukibonyeza vibonye, na kuamua kwamba usumbufu wako ni mkubwa kuliko kifo chake.

Siku ya pili maabara iliotesha bakteria kutoka kwenye damu yake: E. coli, wale wanaoishi tumboni mwetu sote bila neno. Hawakutoka mbali. Kemo huchubua ukuta wa utumbo, wakapita, wakakuta lango halina askari. Hesabu ikaenda 0.2, 0.4, 0.9. Siku ya saba ikawa 1.3. Mama alipoambiwa, akasema, "Hiyo ndiyo yangu."

Kwa kemo mbili zilizobaki, aliandikiwa sindano za filgrastimu. Nilipopata muda nikasoma ni nini, na nikajikuta nacheka peke yangu kwenye matatu. Ni saitokini. Ni nakala ya ile ambayo mwili wenyewe hutumia kuuambia uboho utengeneze nyutrofili zaidi, na imekuwa dawa tangu mwaka 1991. Na wanaoitengeneza kiwandani ni bakteria wa E. coli, waliowekewa jeni ya binadamu. Jamaa ya wale waliotaka kumwua.

Sindano hizo hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na sisi hatuna friji. Zilikaa kwa Baba Njeri, kati ya maziwa ya mala na soda, kwenye mkebe nilioandika jina la Mama kwa kalamu nene. Kila jioni nilishuka kuchukua moja. Malipo ya kurasa zangu kadhaa yaliingia katika kila bomba, na pengo likajazwa na mchango wa kanisa na wa wenzake wa sokoni. Sista alinifundisha kudunga tumboni, kwenye mafuta. Usiku Mama alilalamika maumivu ya kiuno na mapaja, maumivu ya ndani ya mfupa. Nikamwambia ni kiwanda kimefunguliwa, wanafanya kazi zamu mbili. "Basi wapunguze kelele," akasema.

Niliacha kuandika insha za wanafunzi. Si kwamba nimekuwa mtakatifu. Pesa zenyewe bado ninazikumbuka kila mwisho wa mwezi. Ni kwamba kila nikifungua oda ya uuguzi naona kitanda kinachotembea, na najiuliza yule wa A yuko wodi gani. Watu wakiniuliza kuhusu chuo, sasa nasema nilianguka somo la kinga mara mbili, kisha karo ikakosa. Wengine hunyamaza. Mama aliposikia nikisema hivyo mbele ya shangazi, hakushtuka. Alijua siku zote. Matokeo yangu yako kwenye ule mfuko wa plastiki.

Jambo moja tu nilimwomba: asinifichie joto. Hakuahidi, si mtu wa kuahidi. Lakini kwenye kemo ya mwisho, usiku wa siku ya 9, saa nane, nikiwa naandika, nilisikia filimbi. Ilikuwa imetoka kwenye msumari na sikuwa nimeona. Pumzi fupi, dhaifu, ya mtu asiyezoea kuipuliza.

Nilirusha pazia. Alikuwa ameketi kitandani, kipimajoto mkononi, akikisogeza karibu na mwanga wa simu.

"Thelathini na saba nukta moja," akasema.

"Hiyo ni sawa, Mama."

"Najua ni sawa."

"Sasa mbona umenitisha?"

Akarudisha kipimajoto kwenye kifuko chake, akavuta blanketi. "Nimekuita tu," akasema.